Jinsi ya Kutazama Kumbikumbi, Nyenje na Ndege Wanaowala Katika Nyanda za Juu Kusini

Mashariki mwa Marekani wapo nyenje wa jenasi ya Magicicada ambao hukaa ardhini miaka 13 au 17 wakifyonza maji ya mizizi ya miti, kisha hutoka wote ndani ya wiki chache. Mwaka 2024 makundi mawili makubwa, moja la miaka 13 na jingine la miaka 17, yalitoka msimu mmoja, jambo ambalo makundi hayo hayakuwa yamelifanya tangu mwaka 1803 na halitarajiwi kurudi hadi mwaka 2245. Nyenje hao hawaumi wala hawana sumu, na mtoto mdogo anaweza kuwaokota kwa mkono. Kinga yao ni wingi: ndege, mijusi, panya na samaki hula mpaka washibe, na baada ya wote kushiba bado nyenje wengi wanabaki hai, wanapandana na kutaga mayai.

Anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe hana haja ya kungoja miaka 17 wala kupanda ndege ili kuona kinga hiyo ikifanya kazi. Kila mwaka mvua za kwanza zinapolowesha ardhi, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa namna ileile, na ndege wetu wa hapa pamoja na wageni kutoka Ulaya na Asia hukusanyika kuwala. Wengi wetu tumeliona tukio hilo tangu utotoni, lakini tumezoea kuangalia mwanzo wake tu, pale ndege wanapovamia. Mwongozo huu unamtaka mtazamaji akae hadi mwisho, kwa sababu dakika yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ambayo ndege wanaacha kula huku kumbikumbi wakiendelea kuruka.

Kuchagua kichuguu kabla ya mvua

Kazi huanza Septemba au Oktoba, wakati ardhi bado ni kavu. Tafuta vichuguu vikubwa katika maeneo ya chini na ya kati, kama vile Chunya, Usangu, Ismani, Pawaga na mashamba yanayozunguka miji ya Mbeya na Iringa. Ukipanda kuelekea kwenye baridi, vichuguu vikubwa hupungua sana, na katika nyasi za Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mtu anayetafuta kumbikumbi atapoteza muda wake.

Kichuguu kinaweza kuwa kirefu kuliko mtu na bado kiwe kimehamwa siku nyingi. Ili kujua kama kina wenyewe, toboa kwa kijiti tundu dogo la upana wa kidole upande mmoja, kisha urudi kesho yake. Ukikuta limezibwa kwa udongo mbichi wenye rangi iliyokolea kuliko ule wa jirani yake, basi mchwa wamo. Usitoboe zaidi ya hapo. Usiingize mkono katika tundu lolote kubwa lililo ubavuni mwa kichuguu, kwa kuwa nyoka, wakiwemo swila, hupenda kujihifadhi humo.

Mwone mwenye shamba kabla ya kuweka kituo chako. Kichuguu kinachotoa kumbikumbi ni chakula cha familia, na mtu akikuta mgeni ameketi karibu nacho na daftari atakuwa na haki ya kuuliza. Mweleze kwamba unahesabu tu, na kwamba huendi kuokota. Mara nyingi mwenyeji huyo ndiye atakayekuambia kichuguu kipi hutoa mapema na kipi hutoa usiku, maarifa ambayo yangekuchukua misimu kadhaa kuyapata peke yako.

Chora ramani ndogo inayoonyesha kichuguu, miti iliyo karibu, nyaya za umeme, uzio na mahali utakapoketi. Vitu hivyo ni vituo vya ndege. Kichuguu kilicho katikati ya uwanja mtupu huvutia ndege wanaowinda angani na wale wanaotembea ardhini, lakini chenye mti mkavu pembeni huleta pia wale wanaowinda kwa kukaa na kuruka. Keti umbali wa hatua kama ishirini, jua likiwa mgongoni mwako. Ukikaribia zaidi ya hapo, ndege waoga watakula kwenye vichuguu vingine, na takwimu zako zitakuwa za ndege wasioogopa watu tu.

Kuikadiria siku

Sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei, ingawa upande wa Rungwe na Tukuyu mvua huanza mapema zaidi na huchelewa kukatika. Nyenje wa Marekani hungoja udongo ufikie nyuzi joto zipatazo 18 za Selsiasi kwenye kina cha sentimita 20 hivi. Kumbikumbi wetu wanahitaji kwanza unyevu, kwa sababu wale watakaotua watalazimika kuchimba chumba kwa taya zao wenyewe, na udongo mkavu wa Oktoba hauchimbiki.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha lazima ni kipimamvua. Kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa wazi mbali na paa na miti, linatosha: kila asubuhi saa moja tumbukiza rula, andika milimita, kisha mwaga. Usidanganyike na manyunyu ya kwanza yanayolaza vumbi. Mvua ya kutia moyo ni ile inayolowesha udongo hadi kina cha kiganja, ikifuatiwa na saa kadhaa za utulivu bila upepo. Baada ya misimu miwili au mitatu ya kuandika, daftari lako litaonyesha ni milimita ngapi kwa kawaida hutangulia kutoka kwa kumbikumbi katika kichuguu chako, na hesabu hiyo itakuwa ya mahali pako hasa.

Saa ya kutoka hutegemea aina ya mchwa. Wapo wanaotoka mchana mara jua linapochomoza baada ya mvua, wapo wanaotoka magharibi, na wapo wanaotoka usiku wa manane au karibu na alfajiri. Kwa madhumuni yetu, chagua kichuguu kinachotoa mchana au jioni kabla giza halijaingia. Usikae chini ya mti mrefu wala juu ya kilima wakati radi zikipiga. Nyanda za Juu zina radi nyingi, na hakuna takwimu inayostahili hatari hiyo.

Yanayotokea mlangoni

Kabla ya kumbikumbi wa kwanza kuruka, mchwa wafanyakazi hufungua nyufa nyembamba kwenye uso wa kichuguu au ardhini pembeni yake. Ukiwa na darubini utaona kingo za ufa zikilowa na kubadilika rangi, kisha vichwa vikubwa vya mchwa askari vikijipanga pande zote mbili, taya nje. Nyuma yao kumbikumbi hujisogeza, hutoa kichwa, hurudi ndani, na hutoa tena. Hali hii inaweza kudumu muda mrefu, na wakati mwingine wafanyakazi huziba nyufa zote na kazi ikaahirishwa hadi siku nyingine. Andika hata siku hizo za kuahirisha, pamoja na hali ya hewa iliyokuwapo.

Wakianza kweli, hutoka mfululizo. Kila mmoja hupanda jani au donge la udongo, hutandaza mabawa manne yanayolingana urefu, na kuondoka kwa mwendo mzito usio na mikato. Wakitua, huyapukutisha mabawa kwa kujipinda, kisha dume humfuata jike kwa karibu, kichwa cha dume kikiwa nyuma ya tumbo la jike, wakitafuta mahali pa kuchimba. Jozi hiyo ikifaulu, itakuwa mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Walio wengi hawafaulu, na miili yao iliyojaa mafuta ndiyo sababu ya ndege kukusanyika.

Kuwatambua ndege na namna yao ya kula

Usianze kwa kutaka kujua jina la kila ndege. Anza kwa kujua anakula wapi, kwa kuwa ndege wa aina nyingi wanaweza kula mezani pamoja kwa sababu tu kila mmoja ana kimo chake.

Chini ardhini hufika kwanza walio jirani: kuku wa mwenye shamba, kanga, kwale, kunguru wa kifua cheupe. Hawa huokota kumbikumbi mlangoni kabisa, kabla hawajaruka. Msimu wa mvua huongezeka korongo, hasa korongo wa Abdim, ambao huzaliana ukanda wa Saheli na kushuka kusini mvua zetu zinapoanza, na korongo weupe kutoka Ulaya. Lakini mgeni anayeshangaza kuliko wote ni tai. Tai wa nyika za Urusi na Asia ya Kati, na mwenzake mdogo wa Ulaya mashariki, ndege wenye kucha za kushika wanyama, wakiwa safarini Afrika hutua na kutembea ardhini wakiokota kumbikumbi mmojammoja kama kuku. Ukimwona tai mkubwa wa kahawia akitembea shambani baada ya mvua, usidhani ni mgonjwa, mwangalie mdomo.

Kimo cha pili ni cha wanaokaa na kuruka. Mramba, ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika na macho mekundu, ndiye mwalimu bora wa mtazamaji anayeanza. Huchagua tawi moja, huruka, hudaka, hurudi tawini palepale, hubamiza windo na kulimeza. Chini ya tawi lake mabawa ya kumbikumbi hurundikana, na ukienda kuyaokota baada ya shughuli kuisha utapata ushahidi wa kuhesabika: gawanya idadi ya mabawa kwa nne, ukikumbuka kwamba ndege humeza baadhi ya mabawa, na kwa hiyo jibu ni kiwango cha chini. Keremkerem huwinda vivyo hivyo kutoka kwenye nyaya, na pamoja nao wale ndege wenye mabawa ya buluu iliyokolea wanaopenda kukaa peke yao juu ya nguzo, ambao baadhi yao ni wakazi na wengine wametoka Ulaya.

Juu zaidi wapo mbayuwayu na teleka, wanaokula wakiwa katika mwendo bila kutua. Juu yao huja mwewe na vipanga wadogo. Miongoni mwao mtafute kozi wa Amur, ambaye huzaliana kaskazini mashariki mwa Asia, huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, na hufika Afrika Mashariki na kusini mwa Afrika mwishoni mwa mwaka. Dume ni wa kijivu kilichokolea mwenye miguu ya rangi ya chungwa na weupe chini ya bawa. Hushika kumbikumbi kwa kucha na kumla palepale angani: utaona mguu ukinyooshwa mbele, kichwa kikiinama kuukuta, na mabawa ya mdudu yakishuka taratibu.

Katika nyasi za milimani, Kitulo, Njombe na Mufindi, yupo mbayuwayu buluu, Hirundo atrocaerulea, ambaye huja kuzaliana huku msimu wa mvua na kwenda maeneo ya kuzunguka Ziwa Viktoria baada ya hapo. Hula wadudu wadogo wanaoruka juu ya nyasi, na hujenga kiota ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yale yaliyochimbwa na muhanga. Idadi yake imepungua kwa sababu nyasi hizo zimelimwa au kupandwa misindano na milingoti. Ukimwona akiingia shimoni, ondoka mara moja na usimpeleke mtu mwingine mahali hapo.

Kuhesabu

Gawanya muda katika vipande vya dakika tano. Katika kila kipande andika idadi ya ndege wa kila kimo, kisha hesabu kwa dakika moja kumbikumbi wanaotoka katika ufa mmoja uleule. Halafu chagua ndege mmoja, ikiwezekana mramba kwa sababu haendi mbali, na uhesabu kwa dakika mbili mara ngapi anaruka na mara ngapi anapata. Mkiwa wawili, mmoja atazame na kutamka, mwingine aandike. Mtu mmoja anayeinamisha kichwa daftarini hupoteza nusu ya tukio. Wanafunzi wa sekondari hufanya kazi hii vizuri sana wakigawana vimo.

Tuseme mramba alikamata kumbikumbi tisa katika dakika mbili za mwanzo, na wawili tu nusu saa baadaye. Hapo ndipo uchunguzi wa kweli unapoanza, kwa kuwa kuna sababu tatu zinazoweza kuleta upungufu huo. Huenda kumbikumbi wamepungua. Hesabu yako ya ufa itakuambia. Huenda giza linaingia. Ndiyo maana unaandika pia kama bado unaweza kusoma maandishi yako bila tochi. Au huenda ndege ameshiba. Dalili za shibe haziko mbali: ndege hukaa ameachama, hufuta mdomo kwenye tawi, hujichanua manyoya, na kumbikumbi hupita mbele yake karibu kabisa bila yeye kujishughulisha. Ukiyaona hayo huku ufa ukiendelea kutoa na mwanga ungalipo, andika saa na dakika. Wanaotoka baada ya hapo ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuchimba chumba.

Rudi mahali hapo siku nyingine isiyo na kumbikumbi, saa zilezile, uhesabu ndege kwa utaratibu uleule. Bila siku hiyo ya kulinganisha hutajua kama mbayuwayu thelathini uliowaona walifuata kumbikumbi au hupita hapo kila jioni. Watazamaji wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haina msisimko, na daftari zao hubaki kuwa simulizi nzuri zisizoweza kuthibitisha kitu.

Nyenje wa mitini

Nyenje wetu hawana mzunguko wa miaka 13 au 17. Husikika kila mwaka, na katika misitu ya miombo ya Chunya na ile ya upande wa Ruaha kelele zao huwa kali katika joto la kabla ya mvua, wakati miti inapochipua majani mekundu. Wanaolia ni madume, kwa viwambo vilivyo pande mbili za tumbo. Majike hukaa kimya.

Kuwaona wakitoka kunahitaji tochi na subira. Mchana kagua ardhi chini ya miti utafute matundu ya duara yenye upana wa kidole hivi na yasiyo na udongo uliorundikwa mdomoni, na kagua mashina utafute maganda ya kahawia yaliyong'ang'ania magome, yenye ufa mgongoni. Ukiyapata, rudi magharibi. Tunutu, yaani nyenje mchanga asiye na mabawa, hupanda shina, hujishikiza, mgongo hupasuka, na nyenje mweupe anayeelekea kijani hujisukuma nje akiwa ameinamisha kichwa chini, kisha hujikunja juu kushika ganda lake na kuvuta ncha ya tumbo. Mabawa hukunjuka kama kitambaa kilicholowa. Usimguse, kwa kuwa bawa likipinda kabla ya kukauka litabaki hivyo.

Kila wiki hesabu maganda kwenye miti ileile kumi, ukiyaondoa baada ya kuyahesabu ili yasihesabiwe mara mbili. Upande wa ndege, waangalie hondohondo, kekeo na mramba, ambao wana nguvu za kutosha kumvunja mdudu mkubwa.

Kwa kuwa nyenje hudumu wiki kadhaa, unaweza kujaribu hapa jambo ambalo kumbikumbi wa saa moja hawaliruhusu. Kundi la nyenje lililopewa namba ya Kirumi X (kumi) lilipotoka Marekani mwaka 2021, watafiti waliona ndege wa spishi zaidi ya 80 wakila nyenje na kuwaacha viwavi. Viwavi kwenye mialoni wakaongezeka karibu maradufu na majani yakaliwa zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science. Njia yao mojawapo ni rahisi kuiiga: finyanga viwavi kwa udongo laini wa kuchezea watoto usiokauka, ubandike kwenye majani, na baada ya siku chache uhesabu wangapi wana alama za midomo. Fanya hivyo kabla ya nyenje kuanza, wakiwa wengi, na baada ya kunyamaza.

Mashamba na sumu

Baada ya mvua kushika, viwavijeshi wanaweza kuvamia mahindi machanga na malisho, na makundi ya korongo huwafuata. Shamba lililopulizwa dawa si mahali pa kutazamia wala pa kuokota kumbikumbi kwa kula. Muulize mkulima alipuliza lini na dawa gani, uandike, na ukikuta ndege waliokufa usiwaguse kwa mikono mitupu wala usiwape mbwa. Mpe taarifa afisa ugani wa kata.

Kuhifadhi na kutuma

Andika daftarini kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika ukilowa, na siku hiyohiyo upige picha kurasa zote kwa simu. Orodha za ndege zinaweza kupelekwa eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, na picha za kumbikumbi, nyenje na maganda iNaturalist, tovuti ya picha za viumbe ambako wataalamu husaidia kutambua spishi. Piga kumbikumbi picha ya juu na ya ubavu, na kama unaweza, ya mchwa askari wa kichuguu hichohicho, kwa sababu kichwa cha askari husaidia kutofautisha aina kuliko mabawa. Katika sehemu ya maelezo andika milimita za mvua ya siku mbili zilizotangulia, saa ya kumbikumbi wa kwanza, saa ya ndege wa kwanza, na saa ambayo ndege waliacha kula. Kiota cha mbayuwayu buluu usikitaje mahali kilipo. Taja wilaya tu.

Utoaji mmoja haumalizi msimu. Kichuguu kimoja kinaweza kutoa tena baada ya mvua nyingine kubwa, kwa hiyo acha kopo lako mahali pake na uendelee kusoma rula kila asubuhi saa moja hadi angalau Januari.